Mpiga picha, usiache madeni yale sanaa yako

Tunaijua hii: umepiga harusi Jumamosi, mteja akasema, “Nitakutumia jioni.” Wiki mbili baadaye bado unampigia simu. Muda huo ungepiga picha zako mwenyewe.

Tufanye hivi:

1. Usimwekee mteja tarehe kabla nusu ya malipo haijaingia.

2. Salio lilipwe kabla hujamkabidhi picha zilizohaririwa. Angalia salio la akaunti yako, si meseji anayokuonyesha kwa simu yake.

3. Pokea malipo kwa till ya biashara. Pesa ya lenzi isichanganyike na ya unga.

4. Tenga siku moja kwa wiki usiyochukua kazi ya mtu. Picha unazopiga siku hiyo ndizo zitamwonyesha mteja wa kesho unachoweza.