Je, Buibui ni Mdudu?

Walimu wa shule za vijijini huulizwa mara nyingi neno hili: Je, buibui ni mdudu? Mtoto husoma kitabuni kwamba si mdudu, naye akirudi nyumbani humsikia mama yake akisema, "Mwanangu, mwondoe mdudu huyo ukutani." Basi nani amekosea? Sisi twaona kwamba wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa lugha yake.

Katika Kiswahili cha kila siku jina mdudu ni pana kama zizi la tajiri. Nzi, siafu, buibui, nge, tandu, jongoo, hata minyoo, wote huingia humo. Jino likioza twasema limeliwa na wadudu.

Wataalamu wa viumbe wameligawa zizi hilo. Kwao mdudu ni mwenye miguu 6, vipapasio 2, na mwili wa sehemu 3, yaani kichwa, kifua na tumbo. Tena wengi wana mabawa. Buibui ana miguu 8 na mwili wa sehemu 2. Hana vipapasio wala mabawa. Jamaa zake ni nge, utitiri, kupe na papasi. Lakini walimu waangalie jambo moja: kupe aliyetoka yaini karibuni ana miguu 6, na ile 2 huipata baada ya kujivua ngozi mara ya kwanza.

Labda msomaji atauliza, "Maneno haya yatufaa nini sisi wafugaji wa Bulyanhulu na Kahama?" Yatufaa sana. Mbung'o, aletaye malale na nagana, ni mdudu wa miguu 6. Huruka na kupumzika kivulini penye vichaka. Kwa sababu hiyo watu wa Shinyanga walifyeka misitu katika miaka ya 1920, wakiongozwa na Bwana Swynnerton. Kupe hana mabawa. Hungoja majanini mpaka ng'ombe apite, akamshika na kumwambukiza ndigana. Huyu hupigwa vita kwa josho. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo, na usiku hutoka kumwuma alalaye. Mwaka 1905 Bwana Mganga Dutton, aliyekuwa akichunguza homa ya papasi huko Kongo, alikufa kwa homa hiyohiyo. Dawa ya nyumba ni kuziba nyufa na kulala kitandani, si chini.

Kadhalika shambani, si kila dawa iuayo wadudu huua utitiri. Yapasa kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Na buibui wa ukutani? Huyo hunasa nzi na mbu. Amwuaye kwa kuwa ni "mdudu", akaacha nyufa za papasi wazi, amemfukuza mlinzi na kumkaribisha mwizi.

Basi walimu wasiwakataze watoto usemi wa mama zao. Wawafundishe kwamba jina moja la nyumbani limekusanya viumbe wengi, na kwamba penye ugonjwa na dawa yapasa kumjua kila mmoja kwa jina lake, maskani yake na desturi yake.