SOMO: MBUZI WENGI AU SUFU NZURI?

Leo twende mbali kidogo, mpaka Mongolia, katikati ya Bara la Asia. Watu wa huko ni milioni 3 na nusu hivi, lakini mifugo yao inapita milioni 50! Wafugaji wanahamahama kama wenzetu wa kaskazini mwa Kenya, wakibeba hema lao la duara. Wana farasi, ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi.

Mbuzi wa huko ana nywele za aina mbili. Juu ni ngumu. Chini, kwa sababu ya baridi inayoweza kushuka hata digrii 30 chini ya sifuri, huota manyoya laini sana, wembamba wake karibu robo ya unywele wa mtu. Hiyo ndiyo sufu ya kashmiri, ambayo matajiri wa Ulaya na Marekani huvaa kama sweta na shali. Mwezi wa nne na wa tano manyoya hayo hulegea, na mfugaji humfunga mbuzi miguu, akamlaza, akamchana polepole kwa kitana cha chuma. Mbuzi mmoja hutoa gramu 250 hadi 300 hivi. Kiwanda kikishaondoa nywele ngumu na uchafu, hubaki karibu nusu. Kwa hiyo sweta moja yataka sufu ya zaidi ya mbuzi mmoja.

Mpaka 1990 mifugo mingi ilikuwa chini ya ushirika wa serikali, na ushirika ndio uliopanga watu wahamie wapi na lini. Mpango huo ulipovunjika, mifugo ikagawiwa watu, na wengi waliopoteza kazi mjini wakarudi kuchunga. Pesa taslimu ilitoka wapi? Kwa mbuzi. Walikuwa kama milioni 5 mwaka 1990. Kufikia 2018 walikuwa milioni 27. Wengi hukopa kwa ajili ya karo na chakula, halafu hulipa deni sufu ikiuzwa. Bei ikishuka, anaongeza mbuzi ili alipe. Tusimlaumu haraka, hata sisi tungefanya hivyo.

Lakini mbuzi hula nyasi mpaka chini, hata mizizi hung'oa. Na malisho, kwa katiba yao ya 1992, hayamilikiwi na mtu binafsi. Basi kila mmoja akiongeza wake kumi, faida ni yake, hasara ni ya wote. Halafu huja mwaka mbaya: kiangazi kikavu, kisha theluji na barafu kufunika nyasi kidogo iliyobaki. Wao huita dzud. Ile ya 2009 na 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8, na ya 2023 na 2024 zaidi ya milioni 7. Mnyama aliyeingia baridi akiwa amekonda hafiki masika.

Wengine wamejaribu njia nyingine. Wamejiunga vikundi, wakakubaliana malisho ya wakati wa baridi yasiguswe kiangazi. Wanauza mbuzi wazee, maana sufu huzidi unene mbuzi akizeeka. Wanachambua sufu kwa umri na rangi (nyeupe hupendwa kwa kuwa hupokea rangi yoyote) na kuuza pamoja. Wenye yaki, yule ng'ombe wa manyoya marefu, huchana sufu yake pia. Shida iko kwa mnunuzi. Dalali akija na mizani tu, akilipa bei moja kwa kila kilo, yule aliyechambua amejichosha bure, na mwenye mbuzi wengi ndiye anayecheka.

YA KUJADILI KIKUNDINI. Mbuzi wetu hawana sufu hii, hatuna baridi ya kuiotesha, kwa hiyo msikubali mtu awauzie mbegu ya ajabu. Lakini tazameni asali yenu, ngozi zenu, maziwa yenu. Ni kipi mnacholipwa kwa kilo tu, kizuri na kibaya bei moja? Nani angeweza kuwalipa zaidi kwa kilicho safi, na mngehitaji kiasi gani kwa pamoja ili akubali kuja? Na malisho ya kiangazi hapo kwenu, ni nani aliyekubali kuyaacha, na akivunja mapatano mtamfanya nini?