Je, Kila Biashara Iwe na Leseni ya Kaunti?

Kila mwaka unapoanza, swali hili huulizwa sokoni, kinyozini na katika mabaraza ya wadi: kwa nini nidaiwe leseni ilhali mtaji ni wangu? Somo hili linaeleza sheria ilivyo, hoja za kila upande, na haki zako.

Mambo matatu tofauti

Kusajili jina la biashara ni kazi ya serikali ya kitaifa, kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS) kwenye jukwaa la eCitizen. Kodi ya mapato hulipwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA). Leseni ya biashara hutolewa na kaunti. Kuwa na moja hakukuondolei nyingine.

Sheria yasemaje?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kustawisha na kusimamia biashara, yakiwemo masoko na leseni za biashara. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa hivyo, afisa hawezi kubuni ada yake njiani, wala kukusamehe kwa hisani yake.

Kwa nini leseni inahitajika

Mteja wa bucha hawezi kujua kwa macho kama nyama imekaguliwa au kama muuzaji amepimwa afya. Jirani wa duka la gesi hawezi kulipima kwa usalama wa moto. Kaunti hufanya kazi hiyo kwa niaba yao, lakini haiwezi kukagua isichokijua. Sajili pia husaidia mipango. Tuseme soko lina wachuuzi 200, nao walio vitabuni ni 40. Bajeti ya vyoo, maji na taka itapangiwa watu 40.

Kwa nini wengine wanapinga

Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa 2016 ulikadiria kuwa nchini kulikuwa na biashara ndogo na za wastani milioni 7.41. Zilizokuwa na leseni ni milioni 1.56 tu. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kuitwa wakaidi wote.

Chukua mfano huu wa hesabu, ambao si viwango vya ada vya kaunti. Mama mboga anabaki na faida ya shilingi 300 kwa siku. Leseni ya shilingi 3,000 ni jasho la siku 10. Duka kubwa linalopata faida ya shilingi 30,000 kwa siku, likilipa leseni ya shilingi 30,000, limetoa faida ya siku moja. Tena, mchuuzi wa sokoni mara nyingi huwa ameshalipa ada ya soko asubuhi hiyo hiyo.

Njia ya kati

Kusajili si lazima kuambatane na kutoza sawa. Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 inatambua kiwango cha chini kabisa: mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Kundi hili linaweza kusajiliwa bure au kwa ada ndogo. Ukaguzi, hata hivyo, ufuate hatari, si ukubwa: kibanda cha chapati na maharagwe kinahitaji mkaguzi wa afya kuliko duka la vitabu. Wingi wa vibali nao unaweza kupunguzwa. Nairobi ilianza mwaka wa 2023 kuviunganisha vibali kadhaa kuwa kimoja.

Haki na wajibu wako

• Lipa kupitia njia rasmi pekee, na udai risiti.
• Bandika leseni mahali panapoonekana.
• Hatua ya afisi ikiathiri haki yako, Kifungu cha 47 kinakuruhusu kudai sababu kwa maandishi.
• Hudhuria vikao vya umma kuhusu Mswada wa Fedha wa Kaunti. Ada hupangwa hapo. Ukishapitishwa, kulalamika mbele ya askari wa kaunti hakubadilishi kitu.

Maswali ya kujadili katika wadi yako

1. Ni biashara zipi hapa zinazohitaji ukaguzi zaidi, na kwa nini?
2. Anayelipa ada ya soko kila siku alipie leseni pia?
3. Ni huduma gani mfanyabiashara anapaswa kuiona kwa ada anayolipa?