Wazee Wetu: Nguvu Zikipungua, Heshima Isipungue

Ndugu zetu, tumezoea kumsifu mtoto aliyemlisha mzazi wake mzee, akamvika na kumpeleka kwa daktari. Hayo ni wajibu, wala hatuyadharau. Lakini katika miji yetu wako wazee walioshiba, na nyoyo zao zina njaa. Miguu ikimlemea mzee, huambiwa, "Kaa, baba, usijisumbue." Akiuliza habari ya posa ya mjukuu wake, hujibiwa kuwa imekwisha kukubaliwa. Hupokonywa kazi, kisha shauri, kisha mazungumzo. Akinyamaza, twasema, "Ndio uzee." Nasi tuandikao haya tumo katika kosa hilo.

Hebu natutazame sharia yetu inavyomtendea aliyedhoofika. Imran bin Huseyn (R.A.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) namna ya kusali. Aliamrishwa asali kwa kusimama; asipoweza, kwa kukaa; asipoweza, kwa kulala ubavu. Angalieni: uliopunguzwa ni uzito wa ibada, ibada yenyewe hakuondolewa. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, na juu ya hayo alikuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal. Na ilipofunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria (630), Sayyidna Abubakar alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyekwisha pofuka. Mtume akamwambia kuwa lau angalimwacha mzee nyumbani, yeye mwenyewe angalimwendea.

Basi mafunzo ni haya:

Kwanza, mzee asiyeweza kwenda, aendewe. Baraza ihamie mlangoni kwake.

Pili, aachiwe kazi aiwezayo. Bibi na achague mchele au asuke ukili hali amekaa. Babu na awasikilize wajukuu wakisoma juzuu zao, awasahihishe.

Tatu, atakwe shauri kabla ya jambo kukatwa, si kupewa habari baadaye.

Nne, asemeshwe uso kwa uso na kwa utaratibu, kwani wengi hujitenga kwa uzito wa masikio tu. Na mwenye mtoto wa jicho asiachwe gizani, kwani hutibika kwa kupasuliwa.

Tano, huzuni ikimkalia majuma mawili au zaidi, akakosa usingizi, hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda, huenda hayo yakawa maradhi. Madaktari wamebainisha kuwa si lazima ya uzee, nayo yana matibabu. Kumwambia mgonjwa huyo kuwa imani yake ni dhaifu ni kumdhulumu. Apelekwe kwa daktari kama apelekwavyo mwenye homa.

Katika Sura ya Bani Israil tumekatazwa kuwagunia wazazi wetu waliozeeka. Ikiwa guno ni haramu, itakuwaje kumfanya mzazi kama kwamba hayupo? Leo usiku, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na amwendee mzee wake, akae, amwulize shauri, na amsikilize mpaka amalize.

Mwenyezi Mungu atuwafikie. Amin.