VIUNGO SI VYA PILAU TU

Mwalimu mlezi wa chama alipotuambia kwamba tovuti yetu imekosa viungo, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliuliza kama ni bizari au mdalasini. Tulicheka hadi machozi. Lakini hata mimi niliyeshika kipanya cha kompyuta sikujua viungo hivyo ni vya kazi gani.

Mambo yalikuwa hivi. Muhula wa kwanza tulipakia mashairi na insha 40 kwenye tovuti ya chama. Tukatafuta "mashairi ya wanafunzi" kwenye Google, tukapekua ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Wapi! Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nikaanza kuyashuku mashairi yetu.

Kumbe kwenye intaneti chema hakijiuzi mpaka mtu akielekeze. Injini za kutafuta za katikati ya miaka ya 1990 zilitegemea sana maneno. Ukitafuta "mahindi", ukurasa uliolirudia neno hilo kama kasuku ungeweza kuja juu. Mwaka 1996 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa na mradi ulioitwa BackRub. Waliazima fikira kwa wasomi: makala inayotajwa na wengi huwa na uzito. Basi kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine nacho ni kama kutajwa. Hesabu yao ikaitwa PageRank, na kampuni ya Google ikaundwa mwaka 1998.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye utamu. Viungo havilingani. Tuseme ukurasa wenye uzito wa 10 unaelekeza kurasa 2 tu: kila mmoja unapata 5. Ukurasa mwingine una uzito wa 100 lakini unaelekeza kurasa 50: kila mmoja unaambulia 2. Kwa hivyo mkubwa anayemsifu kila mtu anaweza kukufaa kidogo kuliko mdogo anayechagua. (Hesabu kamili hupunguza mgao huo kwa kuuzidisha kwa 0.85 hivi, lakini tuliache hilo.) Utauliza, huyo wa 10 alizitoa wapi? Kwa waliomwelekeza yeye. Na hao je? Ah, hapo kichwa kiliniuma siku mbili! Jibu ni kwamba kompyuta huanza kwa kuzipa kurasa zote uzito sawa, hugawa, kisha hukokotoa tena na tena hadi namba zitulie.

Nilipoelewa nusu ya hayo, nikatafuta njia ya mkato. Mimi ndimi mweka hazina, na jamaa mmoja aliniuzia viungo 500 kwa shilingi 1,500 tulizopata kwa kuuza mandazi. Vikaja kweli, kutoka kurasa za kamari na za dawa za kukonda! Hatukupanda hata hatua moja. Ati nilidhani nimewazidi akili wahandisi wa Google, ilhali tangu Aprili 2012 walikuwa wameanza kutumia marekebisho yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga viungo vya udanganyifu kama hivyo. Na kabla ya hapo, mwaka 2005, ilikuja alama ya nofollow, ambayo mwenye ukurasa huitia kwenye kiungo kuiambia injini kwamba yeye hakipendekezi.

Tuliokolewa na mwalimu wa shule jirani. Aliweka kiungo chetu kwenye ukurasa wa mazoezi ya ushairi wa shule yao, kimoja tu. Wala hakuandika "bonyeza hapa", bali "tarbia zilizotungwa na wanafunzi". Maneno ya kiungo huisaidia injini kujua kilichoko upande wa pili. Baada ya wiki chache tukajiona ukurasa wa tatu. Siwezi kuapa kwamba ni kiungo hicho pekee, kwani siku hizi Google hutazama mambo mengi, kuanzia maudhui yenyewe hadi kama ukurasa unasomeka vizuri kwenye simu.

Zile shilingi 1,500 bado ninadaiwa. Kikao cha chama kimeamua nizilipe kwa kukaanga mandazi Jumamosi tatu mfululizo, na unga ninunue mwenyewe.