Dredi na Usemi wa Marasta katika Muziki wa Rege

Swali: Dredi za Marasta zilianzia wapi?

Jibu: Imani ya Rastafari ilizuka Jamaika baada ya Ras Tafari Makonnen kutawazwa mwaka 1930 kuwa Haile Selassie wa Kwanza, mfalme wa Ethiopia, lakini waumini wengi wa mwanzo walifuga ndevu tu. Kuhusu dredi, yaani nywele zisizochanwa wala kukatwa hadi zikajisokota zenyewe, baadhi ya watafiti hutaja jumuiya ya Pinnacle iliyoanzishwa na Leonard Howell, wengine vijana wa Kingston wa mwishoni mwa miaka ya 1940, na wengine picha za wapiganaji wa Mau Mau wa Kenya. Waumini wenyewe hutegemea nadhiri ya Mnadhiri katika kitabu cha Hesabu cha Biblia, sura ya 6, inayokataza wembe kupita kichwani. Kufuga dredi kuliwagharimu: baada ya machafuko ya Coral Gardens, huko Jamaika, ya mwaka 1963, Marasta walikamatwa, wakapigwa na kunyolewa kwa nguvu, na serikali haikuomba radhi hadi mwaka 2017.

Swali: Usemi wao unahusianaje na nywele hizo?

Jibu: Vyote viwili hukataa kipimo cha bwana wa kikoloni. Jina "dread", ambalo kwa Kiingereza hutaja hofu na kicho, liligeuzwa kuwa la heshima, ilhali "baldhead", yaani kipara, huitwa hata mwenye nywele tele, mradi anaitumikia "Babylon", yaani dola na mfumo mzima wa ukandamizaji. Kwa kuwa Marasta huamini kwamba sauti ya neno ina nguvu yake, "oppression", ambalo mwanzo wake masikioni mwao husikika kama "up", yaani juu, hubadilishwa kuwa "downpression", kwa sababu mkandamizaji humsukuma mtu chini. Lenye uzito kuliko yote ni "I and I", linalosimama mahali pa "mimi" na pa "sisi", kwani Mungu hukaa ndani ya kila nafsi, na hivyo msemaji hajitengi na mwenzake.

Swali: Rege ilichangia nini?

Jibu: Iliuvusha usemi huo bahari. Albamu ya Bob Marley and the Wailers ya mwaka 1974, Natty Dread, ilibeba katika jina lake nywele zilizokuwa zikidharauliwa Kingston. Mashabiki wengi waliiga kichwa na kuiacha imani, jambo la kusikitisha, kwani kwa muumini dredi ni nadhiri. Hata sheria imeitambua imani hiyo: nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kwamba Urastafari ni dini, na kwamba mwanafunzi aliyefukuzwa shuleni kwa ajili ya dredi zake alikuwa ameonewa.