SOMO LA MISEMO: MVUKE NA MTO TARACH

Msomaji ajifunzaye Kiingereza hukutana mara nyingi na msemo huu, "to gather steam". Akiufasiri neno kwa neno atapata "kukusanya mvuke", na jirani yake atadhani ni habari za jikoni. Maana yake ni kwamba jambo lililoanza polepole sasa linaongezeka nguvu na mwendo, au kwamba wanaolipenda wanazidi kuwa wengi.

Msemo huu umetoka katika gari moshi la zamani. Moto ulikokwa, maji yakachemka ndani ya pipa kubwa la chuma, na kwa muda mrefu gari halikujongea hata shubiri moja. Mvuke ulikuwa ukijisonga humo ndani. Ulipokuwa wa kutosha, ndipo magurudumu yalipoanza kuzunguka, kwanza kwa shida, kisha upesi.

Lakini reli haikufika Turkana. Basi mtu wa huko na autazame mto Tarach, upitao Kakuma. Siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu, na watu huchimba visima humo wapate maji. Mvua ikinyesha milimani, jua la Kakuma laweza kuwa kali vilevile, wala pasidondoke tone. Kumbe huko juu kila kijito kinamimina maji yake mtoni. Yafikapo, huja na povu, vijiti na matope, na aliyechelewa kutoka huona mbuzi wake wakichukuliwa. Mzee aujuaye mto hangoji kuyaona maji, huyasikiliza.

Sasa tutwae mfano wa mambo yaliyotukia Lodwar, mwendo wa kilometa kama 120 kutoka Kakuma. Aprili 1959 Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, akaletwa Lodwar akae kizuizini. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Juni, Oginga Odinga alikuwa amesema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba Kenyatta na wenzake wangali viongozi wanaoheshimiwa na watu. Alipigiwa kelele, na hata baadhi ya wajumbe Waafrika walijitenga na maneno hayo. Mwaka 1960 KANU ilipoundwa ilimtaka Kenyatta awe rais wake, serikali ikakataa. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, nayo KANU ikakataa kuingia serikalini maadamu Kenyatta yu kizuizini. Mwezi wa Machi viongozi wa vyama vyote viwili walikwenda Lodwar kumwona. Aprili alihamishiwa Maralal, na Agosti akarudishwa nyumbani kwake Gatundu.

Mfasiri aandikeje? Wengi wetu hukimbilia "kupamba moto". Ni neno zuri, lakini jambo lililopamba moto limekwisha kuwaka, na kila mtu analiona. Kwa mwaka 1961 lafaa kabisa. Kwa mwaka 1958 ni uongo, kwa maana palikuwa na mtu mmoja tu aliyezomewa. Hapo ningeandika, "mwito unaanza kupata nguvu", na kwa mwaka 1960, "mwito umeshika kasi". Mwingereza aweza kutumia mvuke wake kwa hatua hizo zote, asiulizwe. Kiswahili humlazimisha mwandishi aseme ni hatua gani, na kwa hiyo aijue kwanza.

Zoezi. Kikosi cha kwanza cha wakimbizi katika michezo ya Olimpiki, Rio de Janeiro, mwaka 2016, kilikuwa na watu 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliotoka kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kikosi kilikuwa na watu 29, na Paris, mwaka 2024, watu 37. Andika sentensi moja kwa kila mwaka wa michezo, ukichagua neno lifaalo hatua ile, wala usitumie neno moja mara mbili.